Una laki mbili na baiskeli ya mlima ya mtumba? Anza na matairi

Baiskeli yangu niliinunua mtumba hapa Arusha: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 26, breki za raba, shokapu ya mbele imechoka. Nilipoipandisha msitu wa Olmotonyi mara ya kwanza, kila jiwe nililisikia mpaka mabegani. Nikaamua nitabadilisha shokapu. Nilijinyima miezi minne nikafikisha laki mbili.

Fundi wangu ndiye aliyenizuia. "Kaka, shokapu nzuri za siku hizi nyingi hazina pa kufungia hizi breki zako," alisema. "Utataka breki za diski. Diski nayo inataka habu yake, kile kitovu cha gurudumu. Utanunua gurudumu?" Kisha akanionyesha shingo ya fremu. Ya kwangu ni ya zamani, inapokea shina la shokapu lililonyooka la inchi 1 na 1/8, wakati shokapu nyingi mpya shina lake limetanuka chini, haliingii kabisa. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, uliza kwanza kitavuta nini kingine. Hapo ndipo pesa zetu zinapopotelea.

Tukaanza na matairi. Ya zamani yalikuwa yamelika katikati mpaka yanateleza mkononi, na meno ya pembeni yamekakamaa kama plastiki. Nilinunua mawili ya upana wa inchi 2.1, yenye meno marefu na mpira laini. Kama pesa inatosha tairi moja tu, lifunge mbele. Tairi la nyuma likiteleza unaweza kujiokoa, lakini la mbele likiteleza kwenye kona, umeshaanguka.

Halafu upepo. Nilizoea kujaza mpaka tairi ligome kubonyea, na geji ya fundi ilisoma PSI 55 (kipimo cha upepo). Mimi nina kilo 70, tukashusha hadi 32. Jumamosi hiyo nilishuka njia ileile ya Olmotonyi, yenye mizizi na mawe, na mikono haikufa ganzi. Shokapu ni ileile! Usishushe kupita kiasi, maana tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe, upate pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba.

Breki zilinigharimu kidogo kuliko vyote, na ndizo zilizonipa amani kwenye mteremko. Waya wa zamani ulipovutwa kutoka kwenye kava lake ulitoka na unga wa kutu; ndiyo maana nilikuwa nabana kwa vidole vyote na bado baiskeli inakwenda. Raba mpya, nyaya mpya na makava yake, rimu zikafutwa kwa spiriti, sasa nabana kwa vidole viwili. Diski zina faida kubwa kwenye tope, sikatai, lakini zinaweza kusubiri.

Cheni ipime mwenyewe kwa rula. Weka inchi sifuri katikati ya pini moja, kisha tazama pini ya 24 kutoka hapo. Kwenye cheni ambayo haijalika, pini hiyo inaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, badilisha cheni sasa hivi. Ikifika 1/8, huenda na meno ya gia za nyuma yameshalika, na cheni mpya itakuwa inaruka juu yake kila unapokanyaga kwa nguvu mlimani. Cheni ni bei ndogo, gia za nyuma si bei ndogo.

Siti ikikuumiza, rekebisha kimo chake kabla ya kununua nyingine. Vishikio vikizunguka mkononi, badilisha. Hilo halina mjadala.

Ila kabla ya yote hayo, osha fremu na uikague juani, hasa chini ya shingo na pale bomba la siti linapokutana na krenki, mhimili wa pedali. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, pitisha ukucha. Ukikwama, huo ni ufa, na usiweke hata tairi jipya kwenye fremu hiyo. Tunza laki mbili yako, utafute baiskeli nyingine.