Kwa nini pembe za rådjur huota wakati wa theluji?

SWALI: Shikamoo Daktari. Naishi karibu na Uppsala, Uswidi, mwaka wa nne sasa. Desemba nilimkuta bustanini mnyama mdogo wa jamii ya kulungu wa huku, wanamwita rådjur, ana pembe fupi zenye manyoya, kama ndiyo kwanza zinachipua. Jirani yangu mwindaji anasema älg, yule mkubwa kuliko ng'ombe, huotesha zake kiangazi. Si ndugu hawa? Mbona kalenda zinapishana, tena mmoja anatoa vijiti na mwingine makoleo? Ni chakula tu?

JIBU: Marahaba. Chakula kimo, ila hakipangi ratiba.

Kwanza sahau pembe za nyumbani. Swala au pofu ana mfupa uliovikwa ala ngumu, na haumtoki mpaka anakufa. Za hao wa huko ni mfupa mtupu, hudondoka na kuota upya kila mwaka. Zikiwa changa hufunikwa na ngozi laini kama mahameli iliyojaa mishipa ya damu. Ukiishika ina joto kama paji la mtoto mwenye homa. Ncha hutengeneza gegedu, na nyuma yake gegedu hilo hugeuzwa mfupa.

Anayeshika ratiba ni testosteroni, homoni ya kiume, nayo hufuata urefu wa mchana. Ikishuka, seli zinazomega mfupa huitafuna pembe shinani mpaka ianguke. Mpya huota homoni ikiwa bado chini. Ikipanda, mfupa hukomaa, damu hukatika, na dume huisugua miti mpaka ngozi iambuke.

Sasa tazama msimu wa kupandana. Älg hupandana kuanzia mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo pembe zake huota tangu Aprili hadi Agosti, majani yakiwa tele. Rådjur hupandana Julai na Agosti. Homoni yake huporomoka mapema, pembe huanguka Oktoba au Novemba, na mpya inabidi azijenge kwenye baridi, akila vijiti na machipukizi. (Jike wake naye ana ratiba yake: mimba hutungwa kiangazi, lakini yai hukaa bila kujishikiza hadi karibu na mwaka mpya, ili mtoto azaliwe Mei au Juni.)

Ukubwa una hesabu nyingine. Rådjur wa kilo 25 hubeba pembe za gramu mia tatu, mia nne hivi. Pembe za älg dume wa Alaska zinaweza kufikia kilo 30, ndani ya miezi ile ile mitano. Yaani wastani wa gramu 200 za mfupa kila siku! Muda hauongezeki kadiri mwili unavyoongezeka, basi kinachobaki ni kasi. Malisho peke yake hayatoi kalsiamu na fosforasi haraka kiasi hicho, kwa hiyo mwili hukopa kwenye mifupa yake, hasa mbavu. Katika spishi kadhaa za Ulaya na Amerika Kaskazini imepimwa: pembe zikiwa kwenye kasi ya juu mbavu huwa nyepesi, kama za bibi mwenye mifupa iliyochakaa, kisha hujijaza tena pembe zikishakomaa. Kwa binadamu tungeita ugonjwa.

Ren, ndugu yao mwingine wa kaskazini kwenye baridi kali (Kiingereza reindeer), ndiye mkorofi wa kanuni hizi. Jike wake ana pembe pia, na mwenye mimba hukaa nazo hadi karibu na kuzaa, wakati madume makubwa huangusha zao mara tu baada ya kupandana. Hata dume aliyehasiwa, kama wale ambao Wasami, wenyeji wafugaji wa kaskazini huko, huwafunga kwenye sleji za kuburuta juu ya theluji, huendelea kuangusha na kuotesha pembe kila mwaka.

Rådjur hana uhuru huo. Korodani zikiharibika, pembe huota bila kukomaa, ngozi haiambuki, na kichwani hurundikana nyama yenye vinundu kama wigi. Kwa hiyo huyo wako wa Desemba ni mzima kabisa. Ukimwona mwenye mahameli mwezi wa Julai, huyo ndiye wa kumwambia jirani.