Je, mgeni athibitishe wokovu wake kwanza ndipo apokewe ushirikani?

Mwanzilishi wa uzi huu anauliza kama ushirika wao wa nyumbani una haki ya kudai barua ya mchungaji na ushuhuda wa wokovu kutoka kwa familia ya wakimbizi, kabla ya kuwakaribisha. Najibu nikiwa mzee wa kanisa hapa Kayole, Nairobi, ambako ushirika wetu wa Jumatano umewapokea Wakongomani kwa miaka kadhaa sasa.

Kwa maoni yangu, swali lenyewe limepanga mambo kinyume. Paulo anawaambia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, na katika sura ya 15 anawaagiza wakaribishane kama Kristo alivyowakaribisha wao. Petro naye, baada ya kutoka kwa Kornelio, akida wa Kirumi, alishtakiwa Yerusalemu kwa kuingia kwa watu wasiotahiriwa na kula nao. Mahubiri yake hayakutajwa katika mashtaka hayo. Huyohuyo Petro alipojitenga na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kule Antiokia, Paulo, kama anavyowaandikia Wagalatia, alimpinga mbele ya wote, akisema kwamba mwenendo ule haukuenda sawa na kweli ya Injili. Basi suala la nani aketi nasi mezani halikuhesabiwa kuwa adabu ya kijamii tu.

Kwetu, hata hivyo, hakuna aliyebisha juu ya Wagalatia. Ubishi ulizuka kwenye mfuko wa ushirika. Kila nyumba huchanga kila mwezi, na anayejifungua au kufiwa hutembelewa na kushikwa mkono. Mama mmoja Mkongomani alipojifungua, baadhi ya wanaushirika walisema kwamba hajawahi kuchanga, na kwa kweli daftari liliwaunga mkono. Baada ya mabishano marefu tuliamua kwamba mfuko ubaki na kanuni zake, lakini ziara ichangiwe palepale na wanaokwenda. Wakaenda wengi, pamoja na wale waliokuwa wamelishika daftari, wakiwa na unga, sukari na nepi.

Jambo la pili lilikuwa lugha, nalo naliona zito kuliko barua yoyote. Kila maombi yalipopamba moto tulikuwa tukiteleza na kuingia Kikuyu, na mgeni akabaki amefumba macho bila kujua aitikie amina wapi. Siku hizi ni Kiswahili tangu wimbo wa kwanza hadi tangazo la mwisho, ingawa wazee wawili watatu bado wananung'unika.

Kuhusu hofu kwamba wageni wataleta mafundisho ya ajabu, nakumbusha kwamba uamsho wa Afrika Mashariki ambao wengi wetu tunaurithi katika salamu na shuhuda zetu ulianzia Rwanda, na mwaka 1937 ujumbe kutoka huko ulifika Kabete, hapa karibu tu. Mafundisho hupimwa kwa Neno, yawe ya mgeni au ya mwenyeji.

Barua ina mahali pake: mtu anapoomba kufundisha watoto, kushika fedha au kuongoza. Hata hapo, aliyekimbia vita huenda hana karatasi yoyote, na mchungaji wake hajulikani aliko. Sisi humwomba akae nasi kwa muda, tumjue naye atujue, kisha wazee huzungumza naye ana kwa ana.