Fundi, roketi yetu ya dola 18 imetuaibisha

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi niko Columbus, Ohio. Mwanangu wa miaka 11 alinunuliwa na mjomba wake seti ya roketi ndogo, ya bomba la karatasi na mapezi ya mbao laini ya balsa, dola 18, na paketi ya mota tatu za baruti zilizoandikwa C6-5. Tuliiunganisha Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi tukaenda kuirusha uwanja wa nyuma ya shule. Kwanza haikuwaka kabisa. Tulipojaribu tena ikapanda kidogo, ikapinda, ikarukaruka kama kuku aliyechinjwa, na pezi moja likatoka. Tukalibandika. Safari iliyofuata ilipanda vizuri mno, lakini parachuti ilitoka imeyeyuka, donge tupu, na roketi ikashuka kama jiwe. Imebaki mota moja. Baba yake asema rahisi ni ghali, tununue ya dola 60. Ni kweli? Na Desemba naenda Mombasa; kaka yangu ataka nimpelekee wanawe seti na mota zake. Nizitie sanduku lipi?
Mama wa Columbus

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie baba watoto arudishe pochi mfukoni. Roketi ya dola 60 mkiiunganisha kwa usiku mmoja itawafanyia vituko vilevile, ila kilio kitakuwa kikubwa zaidi. Nimerusha za bei mbalimbali, na iliyodumu kuliko zote hapa kwangu ni ya karatasi, nyepesi, imechakaa rangi. Kilichowaponza ninyi ni haraka, na ile herufi C.

Nianze na pezi, maana hapo ndipo roketi inapofia. Nadhani mlitumia ile gundi ya kushika papo hapo. Iacheni. Nunueni gundi ya mbao, ile ya njano ya maseremala. Kwanza pigeni msasa ukingo wa mbele wa pezi uwe wa mviringo, kisha pigeni mistari ya penseli kwenye bomba ili kila pezi lijue pa kukaa. Pakeni gundi kidogo kwenye ukingo wa pezi, libandikeni pale pake, halafu mlitoe! Ndiyo, mlitoe. Gundi itabaki kwenye bomba na kwenye pezi, na karatasi itainywa. Ngojeni dakika chache iwe inanata, pakeni tena kiduchu, rudisheni pezi na mlishike mkihesabu hadi sitini. Likikauka, pitisheni uzi wa gundi kwenye pembe, mlilainishe kwa ncha ya kidole. Pezi lililofungwa hivyo, mbao itavunjika kabla ya gundi kuachia. Kazi hiyo mimi huipa siku tatu, na mtoto akinuna namwachia anune.

Kabla ya kurudi uwanjani, fanyeni jaribio la kamba. Tieni mota na parachuti ndani kama mnavyotaka kurusha, tafuteni mahali roketi inapolala sawa juu ya kidole, fungeni uzi wa mita mbili hapo, mwizungushe kichwani kama kombeo. Ikitanguliza pua, ni salama. Ikienda ubavu au mkia mbele, ongezeni udongo wa kuchezea ndani ya pua, mjaribu tena. Ile ya kuku aliyechinjwa ingekamatwa hapo nyumbani bila kuunguza mota.

Kutowaka mara ya kwanza ni jambo dogo. Kile kiwashio, kiwaya chembamba chenye ncha nyeusi, lazima ncha yake iguse baruti iliyo ndani ya tundu la mota, kisha kibanwe na kile kizibo cha plastiki. Kikining'inia nusu njia, kitaungua peke yake na mota itakutazama tu. Isipowaka, chomoeni ufunguo wa kisanduku cha kuwashia, mhesabu sekunde 60, ndipo mtu asogee. Na wakati wa kurusha kaeni mita 5 kutoka kwenye fimbo ya kurushia.

Parachuti iliyeyuka kwa uchache wa karatasi za kinga. Zile karatasi laini zisizoshika moto zinazokaa kati ya mota na parachuti, nahisi mlitia moja. Tieni tatu au nne, mzifinyange kiasi, zizibe bomba bila kushindiliwa. Karatasi ya chooni hapana, hata kama zinafanana! Hiyo hutoka inafuka moshi na kuangukia majani makavu, na zimamoto hawatafurahi kusikia maelezo ya dola 18.

Sasa hiyo C. Herufi ni jumla ya msukumo: A haizidi newton-sekunde 2.5, B haizidi 5, C haizidi 10. Kila herufi ni maradufu ya iliyoitangulia. Namba 6 ni wastani wa nguvu kwa kipimo cha newton, na 5 ni sekunde za kungoja baada ya moto wa kusukuma kwisha, kabla baruti ya mwisho haijapasuka kwa mbele na kuitema pua pamoja na parachuti. Kanuni za usalama za warushaji wa Marekani zinataka uwanja usiopungua mita 30 hivi upande mmoja kwa A, 60 kwa B, na 120 kwa C. Uwanja wenu wa nyuma ya shule mwaujua wenyewe.

Mimi kosa hilo la kuanza na C nimelifanya. Roketi yangu ya kwanza niliipaka rangi ya kijani, koti mbili, nikaandika jina la binti yangu ubavuni, na kwa kiburi nikaitia C siku hiyohiyo. Ilipanda hadi ikawa nukta. Parachuti ikafunguka vizuri, vizuri kupita kiasi, upepo ukaibeba juu ya barabara kuu, juu ya miti, ikazama kwenye shamba la soya. Roketi ya kijani, shamba la kijani. Tulitafuta hadi Magharibi. Basi hiyo mota mliyobaki nayo ifungieni kabatini, mnunue A8-3 na muirushe mara tatu nne mbele ya macho yenu.

Tuje Mombasa. Mota usizitie sanduku lolote, si la mkononi wala la chini. Ndani ni baruti, na mashirika ya usalama ya viwanja vya ndege Marekani yanazikataa kote kuwili. Kwetu Kenya nako baruti iko chini ya Sheria ya Vilipuzi, si kitu cha kuingiza kama zawadi ya Krismasi. Na kaka yako asije akasema watachanganya wenyewe! Mchezo huu ulianza hasa kwa kuogopa jambo hilo. Mwaka 1954 muuza viatu wa Norfolk, Nebraska, Orville Carlisle, alibuni na nduguye Robert roketi ndogo yenye mota iliyokwisha tengenezwa, na mwaka 1957 akamtumia sampuli G. Harry Stine, mtu wa uwanja wa makombora wa White Sands, aliyekuwa akipokea barua za vijana waliotaka kujitengenezea roketi majumbani. Mmarekani mwingine, Vern Estes, akaja na mashine ya kuzitoa mota kwa wingi. Yote hayo ili mtoto asiguse baruti.

Wapelekee watoto wa kaka yako roketi ya maji. Chupa ya soda ya lita moja na nusu (ya soda, si ya maji ya kunywa, maana ile ya soda ndiyo imeumbwa kuhimili presha), mapezi ya katoni, kizibo cha mpira kilichopenyezwa valvu ya baiskeli. Theluthi moja maji, pampu ya baiskeli, na kila mtu pembeni, asiinamie mtu. Kisha wapeleke Ngomeni, kwetu, kaskazini ya Malindi, wayaone majukwaa ya kurushia roketi ya San Marco yamesimama baharini. Hapo ndipo setilaiti ya kutafuta miale ya eksirei angani iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu, ikaitwa Uhuru. Waambie Waitaliano na Wamarekani walioirusha nao walihesabu kurudi nyuma kama wao.

Na hiyo parachuti iliyoyeyuka, nyuzi zake usizitupe. Kata mfuko wa plastiki umbo la pembe sita, upana sentimita 30, ufunge nyuzi kwenye pembe, utoboe tundu katikati ili ishuke upesi, upake poda ya mtoto isigandamane. Chagua mfuko wa rangi ya chungwa. Mweupe hauonekani mawinguni, na kijani nimekwisha kukuhadithia.