Kipokezi cha binadamu ndani ya seli ya kiwavi

SWALI: Katika zoezi la maabara tuliweka vipokezi viwili vya binadamu vya asetilikolini (kemikali ya neva ya kupeleka ishara), M2 na M3, ndani ya seli za wadudu ziitwazo Sf9, kisha tukapima kalsiamu. M3 ilijibu vizuri, M2 ikanyamaza. Je, M2 yetu imeharibika?

JIBU: Msiitupe kabla ya kuipa mwenzake. Vipokezi hivi ni ndugu na vyote hushika asetilikolini, lakini kila kimoja kina protini ya G inayokifaa, yaani mjumbe anayepeleka ishara yake ndani ya seli. M1, M3 na M5 huamsha protini ya G iitwayo Gq. Kutoka hapo kimeng'enya fosfolipasi C hutengeneza IP3, molekuli ndogo ya ishara, na kalsiamu humwagika kutoka ghala lake ndani ya seli. M2 na M4 huelekea protini nyingine, Gi, ambayo huzuia utengenezaji wa cAMP, molekuli nyingine ya ishara. Kalsiamu si lugha yao ya kwanza.

Seli zenyewe nazo zina mambo yao. Sf9 zilitoka kwenye ovari za pupa wa kiwavijeshi, Spodoptera frugiperda. Zina protini zao za jamii ya Gq, ndiyo maana M3 ilijibu bila kusaidiwa, lakini upande wa Gi ni fukara. Ambukizeni seli upya kwa bakulovirusi (virusi vya wadudu vinavyobeba jeni hadi ndani ya seli) ya M2 pamoja na nyingine zilizobeba sehemu tatu za protini ya G: Gi alfa ya mamalia, beta na gama. Kisha pandisheni cAMP kwa foskolini na mtazame kama kabakoli, dawa inayoiga asetilikolini, inaishusha. Hicho ndicho kipimo cha haki kwa M2.

Nina wasiwasi na jambo jingine: muda. Promota ya polihedrini, swichi ya virusi inayowasha jeni ya kipokezi, hufanya kazi mwishoni mwa maambukizi, wakati virusi vinaelekea kuiua seli, kwa hiyo kungoja vipokezi viwe vingi zaidi kuna gharama yake. Seli ikianza kuvuja, rangi ya fura-2 inayoonyesha kalsiamu hutoka nje na mstari wa kipimo hupanda polepole hata kabla hamjaongeza kabakoli. Jibu la kweli huruka ndani ya sekunde chache, na mkitanguliza atropini, dawa inayoziba vipokezi hivi, halitokei kabisa. Kwa hiyo rudieni hata ile M3 iliyowafurahisha, mkitumia atropini, na kando yake wekeni seli zilizoambukizwa virusi visivyo na jeni ya kipokezi. Hizo zikiruka kwa kabakoli, basi si M3 iliyowajibu.