Ananibwaga kama gunia, hayo manufaa ya wote yako wapi?

SWALI: Shikamoo kocha. Mi nina miezi minane kwenye judo, mkanda wa njano. Pale ukutani tumeandikiwa maneno ya Kano, mwanzilishi wa judo, jita kyoei, mwalimu anasema maana yake mimi na mwenzangu tufaidike pamoja. Sasa kuna jamaa wa mkanda wa kahawia, kanizidi ngazi, kila tukiingia randori, yale mazoezi ya kupambana huru, ananibwaga kama gunia, nikigonga mkeka kwamba nimeshindwa anaendelea kukaba kwanza ndo anaachia, wiki iliyopita bega limeniuma siku tatu. Nikilalamika anasema judo sio mchezo wa watoto. Watu wawili wanaotaka kuangushana wanafaidikaje wote? Mi naona ni pambo la ukuta tu.

JIBU: Marahaba. Bega likiendelea kuuma kaonyeshe kwa daktari, usijitie ushujaa.

Pambo sio, ila nakuelewa, maana wengi wanaitafsiri kama kuoneana huruma, na hapo ndo inapopotea. Kano Jigoro alikuwa mwalimu kwa kazi yake, kijana mwenye mwili mdogo aliyeanza jujutsu, mapigano ya zamani ya Kijapani, kwa sababu ya kuonewa shuleni, na alipoanzisha Kodokan, shule yake ya judo, mwaka 1882 ndani ya hekalu moja la Tokyo alikuwa na mikeka 12 tu. Mbinu za kuvunja na kupiga hakuziruhusu kwenye randori, akabakiza zile unazoweza kumfanyia mtu kwa nguvu zako zote na kesho akarudi mzima. Umeona ujanja wake? Kwa kuwa nina uhakika hutanivunja, ndo naweza kupambana na wewe kikwelikweli, bila huo uhakika kila mtu anajikunja, anakaza mikono, mnasukumana tu kama mafahali na hakuna anayejifunza kitu.

Sasa kesho usimwangalie jamaa usoni, angalia mkono wake ule ulioshika mkono wa jaketi lako. Mtu anayejua kurusha hauachii, ukiwa hewani anauvuta juu kidogo mwishoni kabisa, ndo unatua kwa ubavu na mkono wako mwingine unapiga mkeka, paa, unainuka. Jita kyoei yenyewe iko pale kwenye ngumi iliyokamata kitambaa, moyoni anaweza hata asikupende. Mi niliwahi kuachia, nilikuwa na haraka ya kushinda, mwenzangu akatua na bega na mfupa wa mtulinga ukavunjika, halafu wiki kadhaa nikawa sina mtu wa uzito wangu wa kufanya naye mazoezi, nashindana na hewa. Yani hasara nilikula na mimi.

Na huyo wako anakula hasara tayari ila hajashtuka. Wewe ukimuona tu unakaza mwili, kwahiyo anajifunza kumwangusha mtu mwenye woga, akikutana na mtu asiyemuogopa kwenye mashindano atashangaa.

Hilo la kugonga mkeka lakini halina mjadala kabisa. Ukigonga anaachia hapohapo, sio baada ya kujiridhisha. Kabla hamjainamiana mwambie, "Kaka, leo nikigonga achia, na bega hili bado." Mwambie kwa sauti ya kawaida, mwalimu akiwa karibu. Akirudia, toka kwenye mkeka na umweleze mwalimu, na una haki ya kukataa kucheza naye, maana kufaidika pamoja hakujawahi kumaanisha wewe uvumilie mwenzio afaidi.

Halafu mkanda mweupe, yule anayeanza, akiletwa kwako, na mkono wako tutauangalia.