Hotuba ya Pechorin, na mimi niliyeikariri

Baba yangu mdogo alisoma Moscow enzi za Wasovieti, akarudi na sanduku la vitabu vya Kiingereza vilivyochapwa hukohuko. Humo ndimo nilimomkuta Pechorin, mhusika mkuu wa "Shujaa wa Zama Zetu" ya Mikhail Lermontov, iliyotoka mwaka 1840. Nilikuwa na miaka 22, nimetoka kuachwa, natafuta mtu wa kumuiga. Ningekuwa na akili ningemuiga mwingine yeyote.

Pechorin ni ofisa kijana wa jeshi la Urusi huko Kaukazi. Ana fedha, ana sura, na hakuna kitu kisichomchosha. Yuko Pyatigorsk, mji ambao wakubwa walikwenda kunywa maji ya chemchemi kwa ajili ya afya, na huko anaamua kumtongoza Mary, binti wa ukoo wa kikabaila. Kumpenda hampendi, na kumuoa hana mpango. Anaanza kwa kumchokoza: binti yuko dukani anabishania bei ya zulia la Kiajemi, yeye anaongeza rubli 40 na kulichukua, kisha anamtandikia farasi wake na kuagiza apitishwe chini ya madirisha ya binti.

Lakini silaha yake hasa ni huruma. Siku moja wanatembea pamoja, Mary anamwambia kwamba ulimi wake ni mbaya kuliko kisu cha muuaji. Hapo Pechorin anatoa hotuba. Tangu utotoni watu walimsomea ubaya ambao hakuwa nao, mpaka ukaja kweli. Alikuwa tayari kuupenda ulimwengu mzima, hakuna aliyemwelewa, akajifunza kuchukia. Nusu ya roho yake imekufa, akaikata na kuitupa. Mary anatokwa na machozi. Mkono wake unatetemeka.

Hotuba hiyo niliikariri. Niliipunguza, nikaitia Kiswahili, nikaiweka kwenye mdundo wangu. Wenzangu walikuwa wanamwaga sera za magari na biashara ambazo hawakuwa nazo. Mimi nilikuwa nasema kwa sauti ya chini kwamba moyo wangu umekufa na nisingependa kumpotezea mtu muda. Ilifanya kazi kuliko gari. Msichana akishaambiwa "usinipende, nitakuumiza," wengi wetu tunajua kinachofuata: anajiona ndiye tabibu.

Kilichonipita wakati ule ni maneno machache kabla ya hotuba. Pechorin, ambaye ndiye anayeandika shajara, anasema alifikiri kidogo, kisha akavaa sura ya mtu aliyeguswa sana. Akavaa! Na baada ya machozi ya Mary anaandika, bila aibu, kwamba huruma imeshatia kucha kwenye moyo usio na uzoefu. Sidhani kama maumivu yake ni ya uongo mtupu, na hapo ndipo ugumu ulipo. Yangu pia yalikuwa ya kweli. Ila niliyatumia kama chambo.

Basi dada yangu unayesoma hapa, akikujia mtu na hadithi ya namna hiyo wiki ya kwanza, imepangwa vizuri, haina kigugumizi, pole mpe, lakini moyo uache kwanza mfukoni. Halafu mtafute Maksim Maksimych wake. Huyo ni kapteni mzee wa jeshi aliyeishi na Pechorin ngomeni na kumpenda kama mwanawe. Wanakutana tena Vladikavkaz baada ya miaka. Mzee anakuja mbio, jasho linamtoka, anataka kumkumbatia. Pechorin anampa mkono tu. Gari la farasi liko tayari, anakwenda Uajemi. Anayekutongoza atakuwa mwema kwako, ndiyo kazi iliyomleta. Mwangalie anavyopokea simu ya rafiki wa zamani ambaye hana la kumpa.

Na kaka yangu unayejiona Pechorin: kuna uwezekano mkubwa wewe ni Grushnitsky, yule kijana kitabuni anayejivunia koti zito la askari wa kawaida ili aonekane ana siri ya huzuni. Mimi nilikuwa yeye. Hata ukiwa Pechorin mwenyewe, soma anapomfukuzia Vera, mwanamke pekee aliyemjua alivyo. Farasi anakufa njiani, anaanguka kwenye majani yenye umande na kulia kama mtoto. Machozi yakikauka, anajieleza kwamba pengine ni kukosa usingizi, bastola iliyomwelekea kwenye pambano la asubuhi ile, na tumbo tupu. Nami nimewahi kulia hivyo halafu nikasingizia malaria.

Aliyenikamata nilimpa hotuba yangu pale Coco Beach, jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole. Lakini umeisema vizuri mno." Nilidhani ni sifa. Wiki iliyofuata, kwa kutaka kujionyesha, nikamwazima kitabu, nikasahau kabisa kwamba ukurasa ule niliupigia mistari ya penseli kuanzia juu mpaka chini.

Alikirudisha baada ya siku nne. Hakusema kitu. Alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa kalamu ya wino mwekundu, chini ya yale maneno ya kuvaa sura.