Mara mbili ya ngapi?
Ndugu, umeuliza kama uache dawa kwa kuwa umesoma "inaongeza mara mbili hatari ya damu kuganda". Usiiache kwanza. Mara mbili ya ngapi?

Oktoba 1995 watu wa Uingereza walitangaziwa vivyo hivyo kuhusu aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango. Wanawake wengi wakavitupa kwa hofu. Ukifungua hesabu yenyewe: kati ya watumiaji 7,000 wa vidonge vya zamani, aliyepata tatizo ni kama mmoja; kwa vile vipya, wawili. Mara mbili kweli, hakuna aliyedanganya, ila ni mtu mmoja zaidi katika 7,000. Mwaka uliofuata utoaji mimba ukapanda. Na ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge hivyo!

Ingekuwa 10 kati ya 100 ikawa 20, hata mimi ningeshtuka. Ongezeko ni lile lile la asilimia 100.

Rudi kwenye habari yako utafute namba ya mwanzo. Kama hawakuiandika (mara nyingi hawaandiki), muulize daktari au mfamasia: "Kati ya watu 1,000 wasiotumia, wangapi hupata? Na wanaotumia?"